Mursik Kabla ya Kikao

Mogogosiek,
Jumapili jioni

Kwa dada yangu mpendwa Chepkurui,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi yetu ya huku. Mnaendeleaje Fort Ternan, wewe, shemeji na watoto? Sisi tu wazima wa mwili, ila moyo wangu umechafuka. Nimeandika kwa sababu kwa simu ningelia tu.

Unajua tangu ugonjwa wa Parkinson umshike Baba, vidonge vyake ni kazi yangu. Nampa kwa maji matupu kabla ya chakula, na maziwa nayaweka mbali, maana daktari alituonya kwamba yakikutana na dawa, dawa haishiki. Ikishika, Baba anatembea na kuongea vizuri. Isiposhika anakuwa gogo, hata mdomo haufunguki.

Jumanne wazee wa ukoo walikuja. Baba alikuwa ameniahidi atatamka mbele yao kwamba lile shamba dogo la majani chai ni langu, mimi niliyerudi nyumbani na mtoto. Nilimpa dawa, nikaenda jikoni kupika chai ya wageni. Kumbe huku nyuma ndugu yetu Weldon akamnywesha kibuyu kizima cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Zamu ya Baba ya kuongea ilipofika, alitetemeka tu, macho chini. Wazee wakasema mzee hana neno, basi mashamba yote yabaki kwa kijana wake.

Dada, nilimtukana Weldon mbele ya watu wote. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Yeye akainama kumfuta Baba mdomo, na hilo likaniudhi zaidi.

Jana asubuhi, baada ya kumeza dawa, Baba aliniambia nikae. Alingoja ishike, kisha akasema Weldon hana makosa, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba mursik.

"Niliogopa wazee, na wewe nikakuogopa," akasema. "Nikaona heri mdomo ukatae wenyewe."

Afadhali angeniambia hapana. Nimemlisha, nimemvalisha viatu, naye akaugeuza ugonjwa wake kuwa mlango wa kunitorokea. Na maneno hayo aliyasema bila kukwama hata kidogo, kwa nguvu ya dawa niliyompa kwa mkono wangu.

Njoo kabla ya Jumamosi nikuonyeshe jinsi ya kumpa vidonge, kwa sababu mimi naondoka. Usichelewe, maana hawezi kukaa bila dawa.

Wasalimie wote wa kwako. Baba naye anakusalimu.

Mdogo wako,
Chepngeno