Mbwa Asiachwe Peke Yake

Wanangu,

Wali uko jikoni, mboga pasheni wenyewe. Nguo zianueni kabla hazijanuka baruti. Mimi nimeshatangulia kwenye fataki na jirani yetu, yule mama fundi cherehani.

Msishtuke. Asubuhi mlipokuwa mnapanga safari hapa mezani, mlikiona kifaa changu cha kusikia kwenye kisahani mkajua Mama hasikii kitu. Kile ni cha zamani, kimeshakufa. Kipya kilikuwa sikioni, chini ya mtandio. Kwa hiyo nimeyasikia yote: eti milipuko itanisimamisha moyo, eti kila saa nitataka choo, eti "Mama abaki amshike mbwa." Na wewe mkwe wangu, ulicheka vizuri sana.

Asanteni kwa kunijali. Nimechukua kile kiti cha kukunja chenye mikono, blanketi na chupa ya chai. Tunakaa pembeni, karibu na choo, mbali na geti, tusisukumane na mtu. Kelele zikizidi, nazima kifaa. Nyie mtaziba masikio kwa vidole.

~~Nitarudi mapema.~~ Nitarudi zikiisha.

Kuhusu mbwa mlisema kweli, maskini anatetemeka. Anahitaji mtu mzima wa kumshika, na ambaye masikio yake ni mazima. Chagueni wenyewe ni nani. Mkibishana, bishaneni taratibu, majirani wasisikie. Kesho mtanisimulia, na wala msipaze sauti.

Mama yenu