Ukungu Juu ya Damu Yangu

Jumanne, mwezi wa tatu. Mawingu toka asubuhi, mvua hakuna. Miguu imevimba. Viatu nimeviacha mlangoni, na nguvu ya kuviinamia sina.

Nimechoka. Naanza na hilo ili nisijidanganye huko mbele.

Mimba ina miezi saba. Ya kwanza ilitoka kabla haijafika hapa, na tangu hapo kila mtu hapa Iguguno hunitazama tumbo kwanza, uso baadaye. Mimi mwenyewe kila asubuhi nasubiri mtoto acheze ndipo nishushe mguu kitandani.

Sasa hili la samli. Kwa wakwe zangu, mke wa mwana akianza kuonekana tumbo, mama mkwe humtengea ng'ombe mmoja. Maziwa yake wengine hawayagusi; yanasukwa, samli inajazwa kwenye kibuyu, na mjamzito anatiliwa kwenye ugali wa uwele mpaka ajifungue. Mimi nilitengewa yule mwekundu. Mama anamkamua kwa mikono yake, na mgongo wake ule unaomsumbua. Kila Jumamosi alileta kibuyu, akakaa kunitazama nikimeza. Na nilikuwa nafurahi, jamani, maana mkwe anayekuletea samli amekukubali.

Kisha mume wangu akaiona damu yangu.

Eliya ni dresa wa zahanati, msaidizi wa daktari. Bibi Daktari, mzungu anayekuja na gari mara moja kwa mwezi, aliagiza wajawazito tutolewe damu. Eliya akaanza na mimi, wenzangu waone kuwa haiumi. Chupa ikaachwa ituame. Damu ikashuka chini, na yale maji ya juu, ambayo yeye amezoea kuyaona ya manjano na safi, yakawa na ukungu, kama maji uliyosuuzia kibuyu cha maziwa. Alirudi nyumbani uso umembadilika.

"Damu yako ina mafuta," akaniambia. "Ni samli ya mama hiyo. Acha leo hii."

Sikubisha. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jumamosi mama akaja. Eliya akamwambia mlangoni, hata mzigo hajatua. Nilikuwa ndani, nasikia yote.

"Kwa hiyo samli yangu inamuua mjukuu wangu?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Wewe nilikubeba kwa samli hii hii. Ulikufa?"

Akaondoka na kibuyu chake, hata kuniaga hakuniaga. Na kwao, kibuyu kilichokataliwa mlangoni hakirudi mpaka aliyekikataa akifuate mwenyewe, ale mbele ya aliyekileta. Eliya, na mkasi wake mfukoni na koti lake jeupe, akasema hawezi kula sumu kwa ajili ya mila.

Tangu siku hiyo nimekula ugali na mlenda usiotiwa mafuta, nikilala na njaa na hofu pamoja. Wajawazito wenzangu waliposikia habari za damu yangu wakagoma kutolewa ya kwao. Nikipita kisimani wananyamaza.

Leo Bibi Daktari kaja. Mbele yake wenzangu walikubali. Mpaka mchana chupa zao zilikuwa zimetuama, zimepangwa dirishani chini ya picha ya Kwini wa Uingereza, na zote zina ukungu. Zote! Hata ya yule mke wa fundi seremala, ambaye nyumbani kwao hakuna ng'ombe wala mbuzi.

Bibi Daktari akamuuliza Eliya, "Ulilinganisha na damu ya nani?"

"Ya vijana tunaowapima kabla ya kwenda machimboni Sekenke."

Wanaume peke yao. Miaka yote hiyo mume wangu hajawahi kutazama damu ya mwenye mimba ikituama. Nilitaka kucheka, nikakosa nguvu.

Bibi Daktari akanikalisha. Kumbe katika kondo la nyuma hutoka vitu wanavyoviita homoni, vinaingia kwenye damu na kuuamrisha mwili. Miezi ya mwanzo vinasema weka mafuta akiba. Miezi hii ya mwisho vinasema fungua ghala, mafuta yamwagike kwenye damu, mama ayatumie yeye ili sukari imwendee mtoto. Ukishajifungua, yanapungua polepole.

"Hata usingeonja samli yangepanda," akasema. "Si ugonjwa. Kula, mama."

Nikamuuliza lile nililojiuliza moyoni mwaka mzima: na ile ya kwanza?

"Ile sijui kwa nini ilitoka. Lakini si wewe uliyeitoa."

Nililia pale pale mbele ya watu. Sioni haya.

Jioni Eliya alimfuata mama yake. Wamerudi pamoja, mume wangu kakumbatia kibuyu, kidevu kinang'aa mafuta. Alilishwa mbele ya majirani. Mama akaketi pale pale anapoketi siku zote. Nikasema shikamoo, akaitika. Nikafungua kibuyu, harufu ikanigeuza tumbo. Vita vyote vile, na sasa tumbo halitaki! Nikafumba macho nikameza. Mtoto akacheza.

Eliya alipotoka kuwafungia ng'ombe, mama akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kabla ya Eliya zilimtoka mimba mbili. Wakubwa wakasema ni kwa sababu alikula mayai. Tangu ujana wake hajagusa yai.

"Huyo mzungu wenu," akasema, anatazama chini, "kuhusu mayai alisemaje?"

Bibi Daktari hakusema neno lolote kuhusu mayai.

"Alisema si wewe, mama."

Alikaa mpaka nikamaliza ugali, akakifunga kibuyu, akaenda zake.

Kesho yule mwekundu nitamkamua mimi, kama miguu itakubali. Na kwa jirani nitaomba mayai mawili, nimpelekee.