Mafiga ya Mawe Meupe

Jumanne, mwezi wa kumi. Mawingu yamekaa juu ya mlima tangu asubuhi, mvua haitaki kushuka, na mimi sitaki kutulia.

Tangu tufukuzwe Musonoi, mgodi ulipofika kwenye ukuta wa nyumba yetu, tunaishi huku milimani katika gereza la zamani. Lilikuwa gereza la makosa madogo. Wafungwa walilima mahindi, na ukuta haukuwepo, ila mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Aliyeuvuka bila ruhusa alirudishwa gereza kubwa la mjini.

Baba, au tata kama tunavyomwita, anaujua mstari huo vizuri. Ujanani alifungwa hapa kwa kuiba waya za shaba. Hakutuficha kamwe, alituchekesha sana kwa visa vya maharagwe ya gereza.

Siku hizi hacheki.

Shamba tulilopewa liko ng'ambo ya mawe. Majirani wameshalima. Kwetu anayejua kulima ni baba tu, na kila asubuhi anafika kwenye mawe, jembe begani, anasimama, anarudi. Eti goti. Mvua ikitukuta hatujapanda, tutakula nini? Nimemkasirikia hadi nikaacha kumsalimia.

Leo mama kafanya yake. Mafiga hayahamishwi, unayaacha ulikotoka, unatafuta mengine unakofika. Basi akachagua matatu mazuri kutoka kwenye mstari, akawasha moto, akabandika sufuria ya bukari, ugali wetu. Baba alipoona yametolewa mstarini akaja mbio.

— Nani alitosha mayiwe ya mupaka?

— Nipikie wapi, tata? Pa kichwa yako?

Nilicheka jibu la mama. Baba akakataa kula, akaenda kusimama mbele ya pengo mawe yalipotolewa. Nikamfuata na jembe. Hakunitazama.

— Mwana, niko na ruhusa?

Baba yangu mzazi, ananiomba mimi ruhusa!

— Upite, tata.

Akapita. Tulilima hadi giza likaanza kuingia, yeye mbele, mbiombio, kama mtu atakayeitwa arudi wakati wowote. Kurudi alipitia pengo lilelile, ingawa mawe yenyewe hayafiki magotini. Kisha akala bukari iliyopoa, yote.

Mikono inaniuma, moyo bado unarukaruka. Nimetoa ruhusa ambayo hakuna aliyenipa.

Mafiga yetu yameshakuwa meusi kwa moshi. Kesho nitapita kwa majirani, mlango kwa mlango, niwaonyeshe mawe mazuri ya mafiga yanapopatikana.