Mkopeshaji Aliyeulizia Kisima

Baba, shikamoo.

Ugali nimeufunika, kisamvu kimo chunguni. Nimekwenda Usoke kumleta Shangazi. Shamba la Babu ni lake pia. ~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi leo leo.

Asubuhi ulinicheka mbele ya mgeni: "Diploma yako haijaivisha hata kiazi!" Sawa, Baba. Lakini sikia hesabu. Anakukopesha milioni moja kwa riba ya asilimia kumi. Wewe umezoea riba ya mbolea, inayokatwa mara moja tumbaku ikiuzwa, ukaona ni laki moja tu. Karatasi yake inasema kumi kila mwezi. Hadi tuuze ni miezi tisa, yaani riba laki tisa. Tukishindwa, anachukua shamba.

Nilipomsindikiza hakutaja mkopo hata kidogo. Aliuliza kama kisima chetu hukauka kiangazi. Nikasema hakikauki. Akatabasamu.

Atarudi saa kumi na karatasi yake. Nikichelewa, mpe kiti, mpe maji, mpe hadithi ndefu. Kalamu zote nimeondoka nazo. Dole gumba, Baba, nimekuachia ulilinde mwenyewe.

Mwanao wa kwanza,
Eustadia