Paseki Kumi kwa Miaka ya Nuru

Baba Nafula wangu,

Jumanne jioni binti yetu aliweka kitabu cha fizikia juu ya cherehani yangu, akasema, "Mama, hii naiacha. Ijumaa namwambia mwalimu." Hakulia. Hilo ndilo lililonitia hofu. Tangu tukuzike kule Bungoma kitabu hicho kilikuwa chini ya kitanda chake, nami sikuwa nimeuliza.

Nikamwambia anionyeshe swali linalomshinda.

Lilikuwa lile ulilopenda kuwapa watoto wa majirani Jumamosi, pale barazani petu mtaani Jericho, wamekalia mitungi ya maji: geuza paseki kuwa miaka ya nuru. Mimi nilikuwa mlangoni nikishona sare, nawe ulidhani sisikii. Nilisikia kila kitu. Uliwaeleza kwamba mwaka wa nuru si muda, ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima, na kwamba paseki moja ni zaidi ya mara tatu ya huo. Otieno akapiga mluzi. "Mwalimu, hiyo ni mbali noma!" Naye Mama Kamau, akianika nguo, akakuuliza, "Na nauli je, inapanda mvua ikinyesha?"

Ulicheka hadi chaki ikakuponyoka, kisha ukaichukua nauli hiyo hiyo ukafundishia. "Kutoka hapa kwenda mtaa wa Baba Dogo mnapitia wapi?"

"Tao!"

"Basi msiruke. Kama mnavyoshuka mjini kubadili gari, shukeni kwanza kwenye mita, ndipo mpande kipimo kingine."

Nafula alikuwa ameruka. Nyota iliyo umbali wa paseki kumi aliipa miaka ya nuru mitatu. Aligawanya mahali pa kuzidisha. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa uchungu, "Baba angenionyesha. Wewe unajua nguo tu."

Ni kweli, najua nguo. Nikavuta utepe wangu nikamzungushia kiunoni.

"Inchi ngapi?"

"Ishirini na sita."

Nikageuza utepe. "Na sentimita?"

"Sitini na sita."

"Kwani umenenepa?"

"Mama, wacha bana."

"Kiuno ni kile kile. Kipimo kikiwa kidogo, namba inakua. Sasa niambie, paseki na mwaka wa nuru, kidogo ni kipi?"

Akavuta kiti. Alishuka kwenye mita kama ulivyokuwa ukisema, akaandika ile namba ndefu inayotisha, akapanda upande wa pili polepole. Thelathini na mbili na kitu. "Imekubali," akasema. Kisha akalia, mara ya kwanza tangu mazishi, kichwa chake begani pangu, nami nikalia naye mpaka sukuma wiki ikaungua. Tulikula ugali na maziwa, na wala hatukujali.

Nilidhani ulipoondoka uliondoka na hesabu zote, ukaniachia sindano. Sasa najua sivyo. Shule sikufika mbali, lakini nimekaa mlangoni pa darasa lako miaka yote ya ndoa yetu, na kumbe kuna mengi yaliyoingia. Bado nakutafuta upande wako wa kitanda. Bado namimina chai yako kabla sijakumbuka. Lakini simwogopei tena mtoto wetu.

Ijumaa alirudi kutoka shuleni akatupa mkoba kwenye kochi. Nikamuuliza alimwambia nini mwalimu. "Nimemwambia naendelea," akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, akaingia jikoni kutafuta chakula.

Wiki ijayo wanaanza somo la umeme. Hilo hukuwahi kulifundisha Jumamosi, na mimi sijui hata linaanzia wapi. Nimemwambia tutaanzia ukurasa wa kwanza.

Lala salama, mume wangu. Huku tunasoma.

Mkeo,
Mama Nafula