Kadi ya Wifi Yangu

Jumatatu, 8 Septemba
Sare kumi na moja bado sijazishona. Shule zimefunguliwa na kila mama wa Kalembe anataka ya mwanawe itangulie. Wiki iliyopita nilipoteza siku nne mjini kuongeza viza. Dirisha lile lile la mwaka jana, ila wenye mji sasa ni waasi, na masharti ni mengine. Wamegonga mhuri. Miezi sita. Nimeolewa hapa miaka saba, nimezaa Neema hapa, bado napimiwa miezi kama sukari ya dukani.

Alhamisi, 11 Septemba
Tangazo kutoka Walikale, maana kijiji chetu kwa sasa kiko chini ya upande wa serikali, wenye ofisi huko. Wageni wote wajiandikishe upya. Mhuri wa mjini hautambuliki. Bahati anasema twende mapema, anayejipeleka haonekani mkosaji. Mume wangu ana imani sana na ofisi. Hajawahi kuwa mgeni popote.

Jumatatu, 15 Septemba
Walikale. Siku mbili kwenye pikipiki, matope mpaka magotini. Karani alifungua pasipoti yangu ya Tanzania, akaona mhuri mpya, kashe wanavyouita huku, akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Mama, hii kashe iko ya ngambo ile. Huku haiko kitu."

Nirudi kwetu, niombe viza upya Dar es Salaam, niingie kwa mpaka wanaoutambua wao. Nimepewa siku kumi na tano. Cheti cha ndoa cha kanisa hakukitazama. Na njia ya kwetu inapita huko huko ng'ambo, ambako nitaulizwa nilifuata nini Walikale. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi ninazo mbili, kila upande unavuta wake. Nimewachukia wote leo. Hata Bahati, kwa kumwambia karani asante.

Alhamisi, 18 Septemba
Tumerudi. Mama mkwe alikuja na kitu kwenye pindo la kitenge. Kadi ya kura, ambayo huku ndiyo kitambulisho, ya Furaha, mdogo wake Bahati, tuliyemzika mwaka juzi. Picha imefutika, kama zinavyofutika kadi zote hapa. Kimebaki kivuli cha kichwa. Majina yanasomeka.

Alikuwa amepita kaburini kwanza.

"Nimemuuliza, hakukatala. Kama banakuuliza, wewe njo Furaha."

Nilicheka. Kisha nikaona hatanii. Jina la baba, jina la mama, ni yale yale yaliyo kwenye kadi ya Bahati. Kwa hiyo ili nibaki na mume wangu, niwe dada yake. Nguo aliyozikwa nayo Furaha niliishona mimi.

Jumapili, 21 Septemba
Kanisani hakuna aliyesema neno. Kijiji kinajua nina kadi ya Furaha. Askari wa kizuizi cha barabarani ni wageni, hao hawajui. Wageni wananilinda dhidi ya wageni.

Baba alipiga simu kutoka Kasulu, anauliza nitakwenda lini kumsalimia. Nilimwambia mtandao mbaya, nikakata. Furaha hana baba Kasulu. Pasipoti nimeishonea ndani ya mto.

Mchana nilimfundisha Neema. Tukifika kizuizini, mimi ni shangazi. Ana miaka mitano. Aliuliza kama si dhambi, maana katekista alisema. Nikasema ni mchezo. Nimemdanganya mwanangu kabla sijamdanganya askari.

Jumanne, 30 Septemba
Siku ya kumi na tano. Nilipaswa kuwa nimeshaondoka. Tulipita kizuizini kwenda kupanda maharage, maana shamba liko ng'ambo ya kizuizi na mvua haisubiri karatasi. Askari aligeuza kadi mbele na nyuma. Bahati alisema mimi ni dada yake, akalisema neno hilo vizuri mno. Askari akainama kwa Neema, akamuuliza huyu ni nani.

"Iko shangazi," akasema. Hakunitazama.

Tukapita. Bahati alimsifu mtoto njia nzima. Nilitaka kumzaba mume wangu kofi.

Jumamosi, 4 Oktoba
Tumepita tena mara mbili. Sasa hawaulizi. Mama mkwe ameanza kuniita Furaha hata jikoni. Sijui anajizoeza au anajifariji. Naitika.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mvua tangu asubuhi. Sare zimekwisha. Maharage yameota. Bahati yuko shambani, mama mkwe kanisani. Neema ana homa kidogo, sikumpeleka shule. Nilikuwa kwenye cherehani aliponiita kutoka kitandani.

"Shangazi, maji."

Nyumbani tulikuwa sisi wawili tu. Nikampelekea.