Nyumba ya Bondeni Niliyoizoa kwa Fagio

Baba Rukia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa chini ukumbini, mgongo ukutani, daftari la shule la mwanao mapajani. Eda yangu haijatimia, sitoki nje, kwa hiyo mahali ulipolala sijapaona. Watu wananiambia nikuombee dua, na dua nakuombea kila swala. Lakini kuna jambo limenikaa kooni ambalo dua haijaliondoa. Nilifanya kosa, nikawasingizia wenzangu, na wewe ndiye niliyezoea kumwambia mambo yangu ya aibu.

Tangu uondoke nimepungua, nguo zote zinanivaa badala ya mimi kuzivaa. Rukia ameng'oka jino la mbele na jino lenyewe amelificha, hataki kuniambia wapi. Wenzako wa bandarini Kilindini walileta viatu vyako vya akiba ulivyokuwa ukiviweka chini ya meza ya ofisini. Niliviweka mlangoni, nikaviondoa, nikavirudisha. Dada yako Zuhura, Mungu ampe afya, huja kila siku baada ya adhuhuri na bakuli la mchuzi, anapanda ngazi zetu kwa magoti yale yale mabovu. Na mpaka jana Rukia alikuwa hamwamkii. Alikuwa akimpita kama nguzo na kuingia chumbani. Mtoto uliyemfunza kubusu mikono ya wakubwa, hata wale asiowajua!

Sababu ni mimi.

Siku ile ulitoka asubuhi kwenda kazini ukaiacha nyumba ya mama yako ya Bondeni katikati ya ukumbi, imefika orofa ya pili. Wiki tatu wewe na Rukia mlikuwa mkiijenga kwa vitofali vyake vya plastiki. Nyumba ya kweli ilivunjwa hata kabla hujanioa, pakapandishwa gorofa, na picha yake hatuna hata moja. Ulikuwa ukiijenga kutoka kichwani: hapa jiko, hapa kisima, hapa dirisha ambalo mama alikuwa akikuitia ukicheza nje. Na mimi nilikuwa nikinung'unika. Kila nikipita na sinia, kitofali kinanichoma unyayo, nami naapa kwamba ipo siku nitavitupa vyote baharini. Wewe unacheka, Rukia anacheka. Sikupenda kuchekwa na watu wawili kwa pamoja. Leo ningetoa chochote nichekwe.

Kabla ya adhuhuri zikaja habari kwamba umeanguka ofisini na hukuinuka. Jirani yetu Bi Salma akamchukua Rukia kwake, asione vilio. Mara wanawake wakaanza kupanda ngazi, mikeka imeletwa, na hakuna pa kuitandika. Mtu akauliza, "Na hii hapa, je?" Nikachukua fagio.

Ningeweza kukwambia kwamba sikujua nifanyalo. Zuhura angependa niseme hivyo. Lakini nilijua. Nilikukasirikia, Baba Rukia. Umekwenda bila kuaga, nyumba imejaa watu wanaonitazama, na mchezo wako umekaa katikati ya njia kana kwamba utarudi jioni uumalizie. Nikaipiga kwa fagio mara moja, ikalala upande. Nikaizoa yote, nikaitia kwenye gunia la mchele, nikalisukuma chini ya kitanda. Mikeka ikatandikwa. Tukakaa matanga.

Rukia aliporudishwa ulikuwa umeshazikwa. Alitazama sakafu. Akaniuliza ni nani aliyeibomoa. Nikamwambia, "Wageni."

Nilidhani yataishia hapo. Nilisahau kwamba nimezaa mtoto wa karani wa mizigo! Aliwaendea waliokaa mikekani mmoja mmoja, hata bibi mmoja asiyeona vizuri, akawauliza usoni: "Ndiwe ulobomoa nyumba ya babangu?" Wanawake wa watu, waliokuja kulia nami, wakaanza kujitetea. Mmoja aliapa. Siku ya tatu Zuhura, ambaye aliniona na fagio mkononi na hakusema neno, akaona fedheha inazidi. Akamvuta mtoto kwake. "Ndimi, mwanangu. Nisamehe." Kisha akanitazama. Nami nikatazama chini.

Nikasema basi, nitatengeneza nilichoharibu kwa njia nyingine. Kwenda dukani siwezi, kwa hiyo nikatumia vilivyomo ndani: maboksi ya tende yaliyobaki tangu Ramadhani, makopo ya maziwa ya unga, vipande vya leso nilivyokuwa nimeviweka. Nikapika gundi ya unga wa ngano. Nikakata kadibodi nikagawa kila boksi vyumba sita, na kila chumba nikakitandika kitambaa ili vitofali visipige kelele. Nikashona kitandiko cha duara chenye kamba pembezoni. Mtoto huchezea juu yake, akimaliza huvuta kamba kikawa mfuko, na hakuna mtu atakayechomwa unyayo. Kwa hicho nilijisifu kidogo, sikufichi. Vitofali nikaviosha kwa sabuni kwenye karai, nikavianika dirishani juu ya sinia, kazi ya siku nne. Kisha nikavipanga kwa rangi, vyekundu na vyekundu, vyeupe na vyeupe. Vilipendeza, Wallahi.

Rukia alivitazama. "Babangu hapangi hivi," akasema. Akalileta gunia, akamimina humo boksi moja baada ya jingine, bila hasira, kwa utaratibu, kama mtu aliyeajiriwa kazi hiyo.

Nikabaki na maboksi matupu. Ndipo nikakumbuka maneno uliyokuwa ukimwambia mkiwa mmelala kifudifudi hapa sakafuni: "Mzigo haupangwi kwa rangi. Hupangwa kwa kule unakokwenda." Miaka yote hiyo ya bandarini ulikuja kuimwaga kwa mtoto wa miaka minane, na mimi nilikuwa jikoni nikisikia bila kusikiliza. Nikaanza upya: boksi la msingi, boksi la kuta, boksi la ngazi, boksi la dari. Lakini kila nikishika kitofali sijui kinakwenda wapi. Nyumba ile sikuwahi kuingia. Ngazi zilikuwa upande gani? Madirisha ya mbele mangapi? Rukia anajua yale tu mliyofikia. Yaliyobaki anayajua mtu mmoja, aliyezaliwa humo pamoja nawe, na huyo ndiye ambaye mwanao alikuwa hataki kumtazama.

Zuhura alinikataza kusema. "Wacha, wifi yangu. Ni mtoto, atasahau. Wewe ndiwe mamake, usijiharibie kwake." Karibu nimkubalie, maana ilinifaa. Lakini siku moja alipokuwa akiondoka nilichungulia, nikamwona amesimama katikati ya ngazi, bakuli tupu mkononi, anafuta macho kwa ncha ya buibui. Kaka amemzika juzi. Mtoto wa kaka nimemnyang'anya mimi.

Jana baada ya alasiri nikamketisha Rukia kwenye kitandiko. Nikamwambia, "Si shangazi yako. Si wageni. Ni mimi. Nilichukua fagio nikaizoa, kisha nikakudanganya." Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio. Nilikuwa tayari hata anipige.

Hakulia. Alikaa akizungusha kamba ya kitandiko kwenye kidole. Halafu macho yake yakachangamka kwa namna ambayo sikuielewa, akanisogelea, akaniuliza polepole kana kwamba anaogopa kunitia hofu nikabadilisha jibu:

"Na babangu je? Kuwa amekufa, pia ni urongo?"

Baba Rukia. Alikuwa anatumaini. Niliona uso wake ukitumaini, na mimi ndiye niliyempa tumaini hilo. Jeneza hakuliona. Makaburini hakwenda. Alirudi kutoka kwa Bi Salma akakuta mikeka na maneno yangu basi, maneno ya mtu ambaye sasa amekiri mwenyewe kuwa ni mrongo. Nikamwambia, "La, mwanangu. Hilo ni kweli. Babako amekufa." Akatikisa kichwa. Nikarudia. Akatikisa tena. Mara ya tatu sauti ilinikatika, nadhani hiyo ndiyo iliyomfanya asadiki. Ndipo akalia kilio ambacho hakukilia siku ile wala siku zote zilizofuata. Nilikuwa nikidhani ana moyo mgumu. Kumbe alikuwa anakungojea.

Leo Zuhura amekuja na Rukia amembusu mkono. Wamekaa hapa mbele yangu, maboksi yamefunguliwa, wanabishana. Zuhura anasema ngazi zilikuwa kushoto, Rukia anasema baba alisema kulia, na hakuna wa kumwuliza. Wameiacha sehemu hiyo wazi kwa sasa. Na mimi Rukia hajasema nami tangu jana. Chakula amekula, nywele ameniachia nimsuke, lakini neno hanipi. Simlaumu, wala simharakishi.

Pumzika, mume wangu. Mola akupanulie kaburi lako na anisamehe hasira niliyokuwa nayo juu yako. Imekwisha, imebaki hamu tu. Nami nakuahidi jambo moja. Siku nitakapotoka edani, kabla sijaenda kwa ndugu wala sokoni, nitamshika Rukia mkono nimlete ulipo. Atakuona ulipolala kwa macho yake mwenyewe, asilazimike kusadiki kwa sababu nimesema mimi.

Mama Rukia